Sifa za Karani wa Masjala

Katika Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania ya mwaka 1971 kimo kifungu cha 19, ambacho mawakili wanakijua kwa kichwa na wananchi wengi hawajapata kukisikia. Kinaagiza kwamba siku za kukata rufaa zinapohesabiwa, zile ambazo mkata rufaa alikuwa akisubiri kupewa nakala ya hukumu au amri zisihesabiwe. Mkulima wa Tarime aliyeshindwa kesi ya shamba kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kufika Mahakama Kuu, Masjala Ndogo ya Musoma. Nakala ikichelewa ofisini, siku hizo zinamngoja, mradi aweze kuonyesha ni lini aliomba na ni lini alipewa. Hapo sheria imekiri jambo ambalo maofisini halisemwi: mtu anayetoa nakala, anayeigonga muhuri wa tarehe na kuandika kwenye daftari nani kaichukua, ana mkono katika haki yenyewe. Ninachodai katika insha hii ni hicho tu. Kusimamia masjala, mashine za kudurufu na barua za ofisi ni ufundi kamili, na haki ya mtu mbele ya ofisi yoyote hufika pale tu ufundi huo unapofika.

Kata ya Bomani, mjini Tarime, ni mahali pazuri pa kulipima dai hili. Kama ilivyo katika kila mji wa wilaya, penye ofisi za serikali hapakosi vibanda vya stesheneri, na watu huingia huku na kutokea kule na bahasha za kaki kwapani. Huyu ana cheti cha kuzaliwa cha kupeleka kwa wakili, yule ana barua ya mtendaji wa mtaa, mwingine fomu ya mkopo wa elimu ya juu au hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba la ukoo. Lakini Tarime ina jambo lake ambalo humpima karani kuliko mahali pengi, nalo ni majina. Chacha, Marwa, Mwita, Bhoke, Ghati na Rhobi ni majina ya maelfu ya watu. Ikija barua ya Marwa Chacha na nyingine ya Chacha Marwa, hao ni watu wawili, na huenda ni baba na mwana, kwa kuwa majina ya mababu hurudi kwa wajukuu. Na shamba wanaloliandikia likawa hilo hilo moja. Karani asiyejua kazi hufungua faili kwa jina lililomjia kwanza, na kuanzia siku hiyo barua ya mmoja inajibiwa kwa madai ya mwingine. Anayejua huchukua majina matatu, kijiji, jambo lenyewe na namba ya kumbukumbu, kisha ndipo anapofungua faili. Cheti kikisema Boke na kitambulisho cha taifa cha NIDA kikisema Bhoke, hajipi mamlaka ya kusahihisha. Huandika kama karatasi inavyosema, na kwenye kila jina huweka rejea ya jina la pili. Kujizuia huku kusahihisha ndiko ninakokuona kuwa kilele cha ufundi wake, maana herufi moja iliyoongezwa kwa nia njema inaweza kumtoa mtu kwenye orodha ya wanaolipwa fidia.

Mwaka 2007 Rorya ilimegwa kutoka Tarime ikawa wilaya yake, na baadaye Tarime yenyewe ikawa na halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Watu hawakuhama, mafaili ndiyo yaliyopaswa kuhama. Mwalimu aliyeajiriwa wakati Shirati ingali ndani ya Tarime, akistaafu leo, ataulizwa barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa vyeo. Kila moja iliandikwa na ofisi ambayo mipaka yake imebadilika. Zikipatikana, ni kwa sababu miaka mingi iliyopita kulikuwa na mtu aliyezipa namba za folio kwa mfuatano, akazifunga kwa kamba ya faili, na wakati wa kugawana akaandika kila faili limekwenda wapi. Hakuna aliyempigia makofi siku hiyo.

Wapo watakaosema kwamba kwenye faili sawa, lakini kutoa kopi ni kubonyeza kitufe, na mtoto wa darasa la nne anaweza. Basi mtazame mtoa kopi hodari akipewa hati ya kiwanja. Anafuta kioo kwanza, kwa sababu doa dogo pale huzaa nukta nyeusi kwenye kila nakala, na nukta ikiangukia kwenye tarakimu ya eneo huzaa ubishi. Anachomoa pini taratibu badala ya kukunja kona. Rimu iliyokaa wazi wakati wa masika, katika baridi ya nyanda za juu za Tarime, hunyonya unyevu, karatasi zikajikunja na kukwama. Kwa hiyo anaipepeta, anaigongagonga mezani ikae sawa, na iliyobaki anairudisha kwenye gamba lake. Muhuri umefifia? Anaongeza weusi, lakini si hadi saini izame ndani ya kiza. Anageuza upande wa pili hata kama mwenyewe hakumwambia, maana saini na mihuri mara nyingi hujificha nyuma. Anahesabu kurasa mbele ya mwenye hati, kisha anainua kifuniko mara ya mwisho kuangalia kama karatasi halisi haikusahaulika kiooni. Kitufe ni sehemu fupi kuliko zote katika kazi hiyo.

Hata aliyeileta mashine hii duniani alitoka katika uchovu wa kunakili. Chester Carlson, aliyetoa nakala ya kwanza kwa umeme na unga huko Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938, alifanya kazi katika idara ya hataza ya kampuni, mahali ambapo nakala hazikuwahi kutosha na kuzitengeneza kwa mkono kulimuumiza. Ilipita miaka 21 hadi Xerox 914 ilipotambulishwa mwaka 1959. Mashine iliuondolea mkono mzigo. Jicho halikuondolewa lolote. Sisi watu wa Kiswahili tungepaswa kulijua hili mapema kuliko wengine. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia tenzi watafiti wa Kiswahili Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na miswada yake inasomwa na wataalamu mpaka leo. Tunamheshimu Kijuma, na ni haki yake. Lakini swali aliloulizwa ndilo analoulizwa karani wa Bomani: je, kilicho kwenye karatasi ya pili ndicho kilichokuwa kwenye ya kwanza? Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inadai karatasi halisi kwanza, na nakala inaikubali kwa masharti. Masharti hayo yasingekuwa na maana kama kunakili kungekuwa jambo la kubonyeza tu.

Barua nayo haijawa barua mpaka iweze kuthibitishwa kuwa imefika. Anayetaka kuishtaki Serikali hutakiwa atoe kwanza notisi ya siku 90, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 halmashauri nazo zimo katika utaratibu huo. Siku hizo 90 zinaanzia wapi? Zinaanzia kwenye muhuri wa kupokelea, ule ambao tarehe yake mtu lazima aigeuze kila asubuhi kabla ya kupokea chochote. Muhuri uliosahauliwa kwenye tarehe ya jana ni uongo uliosemwa bila mtu kufungua mdomo. Ndiyo maana daftari la kupelekea barua, na safu zake za tarehe, namba ya kumbukumbu, anayeandikiwa, jina la aliyepokea na saini, lina uzito kuliko samani zote za ofisini. Posta yetu kwa muda mrefu imeishia kwenye sanduku badala ya mlangoni. Kutoka S.L.P. hadi kwenye meza ya mkurugenzi, barua imo mikononi mwa tarishi na karani, na hapo hakuna wa kuwasaidia isipokuwa mazoea yao mema.

Pingamizi lililo zito zaidi hutoka kwa wananchi wenyewe, nami sitaki kulipita haraka kwa sababu lina ukweli. Wanasema masjala ndiko kunakotoka "njoo kesho", na kwamba faili huwa halionekani mpaka mtu atoe chochote. Ikiwa karatasi ndizo ngazi za urasimu na hongo, tunazisifu kwa lipi? Jibu langu ni kwamba faili haliwezi kupotea kwenye masjala iliyoendeshwa vizuri bila jina la mtu kubaki nyuma yake. Daftari la mwendo wa mafaili linaonyesha limetoka lini, limekwenda kwa nani na halijarudi. Mwongo akisema halionekani, daftari linamwuliza. Hongo hustawi pale ambapo daftari hilo halijazwi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa ofisa siku 30 za kumjibu mwombaji, na sheria hiyo ni maneno matupu kwa ofisi isiyojua karatasi zake ziko wapi. Mwananchi anayechukia urasimu ana sababu ya kumtaka karani hodari kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuna na wanaosema haya yote yanapita, kwamba mifumo ya ofisi mtandao itazika masjala. Kompyuta ni msaada mkubwa na wilaya zenye vijiji vya mbali zinaihitaji. Lakini isomwe Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015: inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, inauliza ulitengenezwa, ukahifadhiwa na kupelekwa kwa njia gani inayoaminika, na kama haukuguswa. Ni maswali yale yale ya masjala. Hati iliyoskaniwa upande mmoja, ikapewa jina ambalo mashine imejipachikia yenyewe, imepotea sawasawa na ile iliyoanguka nyuma ya kabati, tena kwa usalama wa uongo, kwa kuwa kila mtu anaamini "imo kwenye mfumo". Marwa Chacha na Chacha Marwa hawaachani kwa kuingizwa kwenye kompyuta; anayewatofautisha ni mtu aliyefundishwa kuwatofautisha.

Kufundishwa huko kupo. Chuo cha Utumishi wa Umma kinatoa mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu, na tangu mwaka 2002 nchi ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kinachokosekana mara nyingi ni uamuzi wa viongozi. Masjala isiwe mahali pa kumpeleka mtumishi aliyeshindikana kwingine, na rimu na wino wa mashine visiwe vya kwanza kukatwa bajeti inapopungua. Mkurugenzi anayesoma haya aingie masjala yake wiki hii, aombe faili lolote la miaka kumi iliyopita, na atazame linachukua muda gani kufika mkononi mwake. Nawe mwananchi unayepeleka barua ofisini, beba nakala mbili, uombe ya kwako igongwe muhuri wa tarehe na kusainiwa mbele yako, kisha mshukuru aliyekugongea, kwa sababu ulichobeba ukitoka hapo ni ushahidi wako.