Kasoro Iliyoanzia Kwenye Foronya

Kifyonza vumbi cha umeme cha kubebeka, kwa umbo ambalo bado linatambulika leo, kilitokana na kazi ya James Murray Spangler, mfagizi wa duka kubwa mjini Canton, Ohio, nchini Marekani, ambaye alikuwa akisumbuliwa na pumu na ambaye aliunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, kisha akapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu wake, mwaka 1908. Foronya ile ndiyo iliyorithisha kasoro iliyodumu kwa miongo mingi, kwa kuwa ilitwishwa kazi mbili zisizopatana: kuhifadhi taka, na papo hapo kuwa chujio linalopitisha hewa na kuzuia vumbi.

Kinachobeba uchafu katika mashine hii ni mkondo wa hewa, kwani feni hupunguza shinikizo la hewa iliyomo ndani, na hewa ya nje hukimbilia humo kupitia mdomo wa bomba ikiwa imezoa kila kilicho chepesi. Vumbi laini, kama la saruji au majivu, huziba vitundu vya mfuko mapema, huku mfuko wenyewe ukiwa bado na nafasi tele, hivyo anayeuchungulia haoni sababu ya kuubadilisha. Hapo mlio wa mashine hupanda, na wengi hudhani kwamba inajitahidi zaidi, kumbe feni imekosa hewa ya kusukuma, mzigo wake umepungua, na kwa sababu hiyo inazunguka kwa kasi kubwa zaidi bila kufanya kazi ya maana. Pale ambapo hewa hiyohiyo ndiyo inayopoza mota, na katika mashine nyingi ndivyo ilivyo, kuziba kwa mfuko huleta pia joto la hatari.

Watengenezaji wengi walijibu kwa kuongeza wati, tiba ya mkato ambayo haikugusa chanzo. James Dyson wa Uingereza, baada ya kuunda mifano 5,127 ya majaribio, alichagua saikloni, chombo chenye umbo la koni ambamo hewa huzungushwa kwa kasi hadi chembe za uchafu zikatupwa ukutani na kudondoka, na mashine yake ya DC01 iliingia sokoni mwaka 1993. Hata hivyo, chembe ndogo kabisa huponyoka, kwa hiyo chujio bado linahitajika na bado halina budi kusafishwa, na anayemwaga kikombe cha taka hurudishiwa usoni sehemu ya vumbi ambalo mfuko ungelifungia ndani.

Umoja wa Ulaya ulipoweka ukomo wa wati 1,600 mwaka 2014, na kuushusha chini ya wati 900 mwaka 2017, uliambatanisha lebo ya matumizi ya nishati ambayo vipimo vyake vilifanywa chombo cha taka kikiwa kitupu, yaani katika hali pekee ambayo kasoro ya mfuko haiwezi kujitokeza. Dyson alishtaki, na mwaka 2018 mahakama ya Umoja huo ikaifuta kanuni ya lebo kwa hoja hiyohiyo. Ukomo wa wati, uliokuwa katika kanuni nyingine, ulibaki.