Nani 'alipoteza' mechi: mrushaji au mpigaji?

KITENZI 'kupoteza' kimevamia kurasa zetu za michezo. Kila Jumatatu tunaelezwa kwamba timu fulani 'imepoteza mechi', na kocha naye anahojiwa redioni akisema 'tumepoteza mechi mbili mfululizo'. Mtu hupoteza ufunguo, hupoteza simu ndani ya matatu, hupoteza hata fahamu. Mechi haipotei. Kuna mtu aliyeondoka nayo, tena mchana kweupe, watu wakitazama.

Kiswahili hakikuwa na uhaba wa maneno ya kazi hii. Tunayo kushindwa, kufungwa, kunyukwa, kucharazwa, kutandikwa, kulimwa. Msomaji makini ataona kwamba maneno yote haya yana kile kiambishi cha kauli ya kutendwa, na kwa hivyo kila moja linazua swali: na nani? 'Kupoteza' hakuulizi swali hilo. Anayepoteza ndiye mtenda, yuko peke yake na uzembe wake.

Wako watakaoniambia kuwa hii ni hoja ya darasani tu. Huenda. Lakini nimepata kuiona ikifanya kazi mahali ambapo sikutarajia, yaani katika besiboli ya Marekani. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani anaishi Chicago, na katika timu zote za nchi ile alijichagulia White Sox, maskini. Mwaka wa 2024 timu hiyo ilishindwa mara 121 katika mechi 162. Katika zama hizi za ligi kuu, yaani tangu mwanzo wa karne iliyopita, hakuna timu iliyoshindwa mara nyingi hivyo katika msimu mmoja. New York Mets wa 1962, waliokuwa mfano wa aibu kwa zaidi ya miaka 60, walishindwa mara 120.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mrushaji husimama katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji mpira. Mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Akifika salama pale alipoanzia, timu yake hupata alama moja. Timu mbili hupokezana kurusha na kupiga kwa vipindi tisa. Jambo la kushika hapa ni kwamba mrushaji haipatii timu yake alama kwa kurusha. Hata akirusha mithili ya malaika, ikiwa wenzake hawapigi, kikomo cha ustadi wake ni sufuri kwa sufuri.

Sasa mashabiki. Nimewasikia wakibishana, na ninakiri kwamba ubishi wao una utamu wake. Kundi moja linasema, wacheni kutudanganya, tatizo ni warushaji: timu ilifungwa alama 813, na waliokuwa wakiingia kumpokea mrushaji wa kwanza waliziacha mechi nyingi ziponyoke mkononi. Kundi la pili linajibu, eti warushaji? Tazameni wapigaji! Timu nzima ilipata alama 507 kwa msimu mzima, chache kuliko timu yoyote kati ya zote 30 za ligi. Hiyo ni kama alama tatu kwa mechi, huku ikifungwa tano. Halafu kuna wale wa tatu, ambao hawajishughulishi na mrushaji wala mpigaji. Wao huimba tu kumtaka mwenye timu aiuze.

Ukinilazimisha nitoe hukumu, nitakaa na kundi la pili. Colorado Rockies mwaka huohuo walifungwa alama zaidi ya 900, nyingi kuliko White Sox, na bado hawakufikia ushinde wa mara 121, kwa kuwa walau walijua kupiga. Ila si hukumu hiyo inayonishughulisha zaidi. Kinachonishughulisha ni namna lugha ya mchezo wenyewe inavyoamua kesi hii kabla mashabiki hawajaketi kuisikiliza.

Katika takwimu za besiboli, kila mechi huandikiwa mrushaji mmoja kuwa mshindi na mwingine kuwa mshinde. Tuyakumbuke maneno haya mawili, maana vijana wengi wanalijua la kwanza tu. Irabu -i ya mwishoni humtaja atendaye, nayo -e humtaja au hukitaja kilichotendwa. Ndiyo maana aliyetumwa ni mtume na kilichoumbwa ni kiumbe. Mshindi ameshinda, mshinde ameshindwa. Katika kila timu husimama uwanjani watu tisa kwa wakati mmoja, na wengine husubiri benchini, lakini ushinde wote hubandikwa jina la mrushaji mmoja na kumfuata maisha yake yote kama jina la ukoo. Kwa Kiingereza husemwa kwamba yeye ndiye aliyeipoteza mechi. Kitenzi ni cha kutenda, na mtenda ni mmoja.

Chukua mfano wa Felix Hernández wa Seattle Mariners, mwaka wa 2010. Alikuwa akifungwa wastani wa alama 2.27 tu kwa kila vipindi tisa, kiwango ambacho hakuna mwingine katika ligi yake aliyekifikia mwaka ule. Wenzake walipata alama 513 msimu mzima, nao wakashindwa mara 101. Rekodi ya Hernández iliandikwa hivi: kushinda 13, kushindwa 12. Mtu aliyeisoma rekodi hiyo bila kuutazama mchezo angedhani ni mrushaji wa kawaida tu, wa katikati. Waandishi wa habari wanaopiga kura walimpa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, hali wenzake wawili walioshindana naye walikuwa na ushindi 21 na 19. Wengi walinung'unika. Mimi naona kura ile ilikuwa uhakiki bora wa matini, maana waliikataa sentensi ambayo sarufi yake ilikuwa inamwonea mtu.

White Sox wenyewe walikuwa na Garrett Crochet. Mwaka ule wa mikosi aliandikiwa ushindi 6 na ushinde 12. Desemba alihamishiwa Boston, na mwaka wa 2025 akaandikiwa ushindi 18 na ushinde 5. Ni kweli alirusha vizuri zaidi Boston, wala sitaki kuficha hilo, wastani wake ulishuka kutoka 3.58 hadi 2.59. Lakini je, mtu anaweza kuwa bora mara tatu kwa kupanda ndege? Sehemu kubwa ya tofauti ile walikuwa watu wanaopiga gongo nyuma yake.

Turudi kwenye 'kushindwa', kwa kuwa neno hili lina siri nyingine. Kiswahili hulitumia kwa njia mbili. 'Ameshindwa na fulani' ina maana kwamba kuna aliyemzidi. 'Ameshindwa kupiga' ina maana kwamba hakuweza. Mashabiki wa timu inayoanguka hutumia ile ya pili peke yake: wameshindwa kupiga, wameshindwa kurusha, wameshindwa kudaka. Ukiwasikiliza kwa saa nzima utafikiri White Sox walikuwa wakicheza na hewa. Kila mpigaji anayetolewa baada ya kuukosa mpira mara tatu, ana mrushaji mbele yake ambaye siku ileile anapongezwa na mashabiki wa upande wa pili kwa tukio lilelile. Udhaifu wa huyu na ustadi wa yule ni mpira mmoja.

Hapa ninatarajia pingamizi, na ni pingamizi zito. Msimu wa mechi 162 ni mrefu. Timu zote hukutana na warushaji wazuri na wabaya, kwa hiyo ile 'na nani' hujisawazisha, kinachobaki ni 'kushindwa ku-' tupu. Hilo nalikubali kuhusu msimu. Mechi 121 si bahati mbaya. Silikubali kuhusu mechi moja, wala kuhusu mtu mmoja, na ubishi wa mashabiki huanzia pale: jana usiku, na jina la mtu. White Sox walipofikisha ushinde wa mara 21 mfululizo, lilitafutwa jina. Siku mbili baada ya mkosi huo kukatika kwa ushindi kule Oakland, yaani Agosti 8, meneja Pedro Grifol alifutwa kazi. Yeye hakurusha wala hakupiga.

Sidai kwamba Wamarekani wangebishana kwa haki zaidi lau wangekuwa Waswahili. Wanafunzi wa Sapir na Whorf wamekwisha kuchapwa vya kutosha kwa madai ya aina hiyo, na Kiingereza nacho kina kauli yake ya kutendwa, ukikitaka. Ombi langu ni dogo, ni kwa wanahabari wetu: mnapotafsiri habari za michezo, msituletee 'kupoteza' na mzigo wake wote.

Ushinde ule wa 121 ulipatikana Detroit, Septemba 27, 2024. Chicago walihesabu rekodi ya aibu. Detroit usiku huohuo walishangilia hadi sauti zikawakauka, kwa kuwa mechi hiyohiyo iliwaingiza katika hatua ya mchujo kwa mara ya kwanza tangu 2014. Sentensi sahihi ya Kiswahili ni kwamba White Sox walishindwa na Tigers, 4-1. Katika sentensi ya 'kupoteza', Tigers hawamo.