Istilahi za Hofu: Maoni ya Msomaji juu ya Riwaya za Upelelezi na za Kutisha

Wahakiki wetu wamezoea kuzitia riwaya za upelelezi, za ujasusi, za uhalifu na za kutisha katika kapu moja, na kulipa kapu hilo jina la "riwaya pendwa". Jina hili lina kasoro. Latueleza kwamba vitabu hivyo vyapendwa na watu wengi, yaani latupa habari za wanunuzi. Juu ya vitabu vyenyewe halisemi neno. Jina linalowekwa kukabiliana nalo, "riwaya dhati", lazidisha kasoro hiyo, kwa kuwa lamfanya mwanafunzi aamini kwamba kitabu cha kusisimua hakiwezi kuwa na dhati. Istilahi njema hutaja sifa ya kitu chenyewe.

Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba katika riwaya za namna hii uteuzi wa neno si pambo. Ndio unaoiendesha hadithi. Mwandishi, mhakiki au mfasiri akikosea jina la kitu, hofu yote aliyoikusanya humvuja kama maji katika pakacha.

Mpelelezi ni nani?

Tuanze na jina la mhusika mkuu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alituletea Bwana Msa, mtu wa kiko na maswali mengi, asiye na cheo cha polisi, ambaye hufumbua fumbo kwa kufikiri. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), alituletea Inspekta Wingo, ambaye ni ofisa wa polisi na kazi yake imewekewa mipaka na sheria. Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), alituletea Willy Gamba, mtumishi wa siri wa serikali anayevuka mipaka ya nchi kuwaandama maadui. Ben Mtobwa naye alituletea Joram Kiango, mtu anayejitegemea, asiyengoja amri ya ofisi yoyote.

Hawa ni watu wanne wenye kazi nne, nao wote tumewaita "wapelelezi". Lakini lugha imetupa maneno zaidi. Mpelelezi ni jina la jumla la yeyote apelelezaye. Kachero ni mpelelezi wa polisi. Askari kanzu ni askari anayefanya kazi bila sare. Jasusi ni yule anayekusanya siri kwa niaba ya dola. Neno hili la mwisho lina tatizo lake: kwa mazoea, jasusi ni mtu wa upande wa pili, na aliye wetu huitwa "mpelelezi" au "ofisa usalama". Kwa kazi yake Willy Gamba ni jasusi kamili, lakini msomaji mzalendo angechukia kuambiwa hivyo. Mhakiki hana budi kuliona jambo hili, maana hapo istilahi imekwisha kuchagua upande kabla hadithi haijaanza.

Tofauti hizi zasaidia hata katika kuvipima vitabu. Nguvu ya Abdulla imo katika hoja: msomaji anapewa dalili zile zile anazopewa Bwana Msa, na akishindwa hana wa kumlaumu. Udhaifu wake ni maelezo marefu ya mwishoni, ambapo mafundo ya ukoo na majina yafunguliwa moja baada ya jingine mpaka hofu inapoa. Nguvu ya Musiba imo katika historia. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963 hadi 1994, kwa hiyo hadithi ya mawakala wa maadui kuwinda siri za wapigania uhuru katika mji huo haikuwa ndoto ya mwandishi. Udhaifu wake ni kwamba Gamba hashindwi. Msomaji akishajua kwamba shujaa atapona, risasi hata zikiwa elfu hazimshtui tena. Na wanawake wengi waliomo humo huwa ama mtego ama zawadi. Mtobwa, nionavyo, aliutambua udhaifu huo. Alipokiita kitabu chake Tutarudi na Roho Zetu? aliweka alama ya kuuliza juu ya jalada, na swali hilo hubaki na msomaji hadi kurasa za mwisho. Hussein Tuwa, katika kizazi kilichofuata, alikiita kitabu chake kimoja Mkimbizi: jina lamtanguliza anayefukuzwa badala ya anayefukuza. Haya ni maendeleo, kwa sababu hofu hukaa kwa anayekimbia.

Mshukiwa, mtuhumiwa, mshtakiwa

Jambo la pili lawahusu zaidi watumishi wa serikali. Katika riwaya nyingi za uhalifu, hasa zile za mfululizo wa magazetini, mtu huyu huyu huitwa mshukiwa katika aya ya kwanza, mtuhumiwa katika ya pili, na katika ya tatu akawa "muuaji", hali mahakama haijakaa. Maneno haya si sawa. Mshukiwa ni mtu ambaye moyo wa mpelelezi umemwelekea. Mtuhumiwa ni mtu aliyekwisha kutajwa kwa kosa. Mshtakiwa ni yule aliyesomewa mashtaka. Muuaji ni yule tu ambaye tendo limethibitika juu yake. Yajulikana kwamba Kenya hupenda "mshukiwa" mahali ambapo Tanzania husema "mtuhumiwa", lakini popote pale ngazi hizi zipo na zahitaji majina.

Wako watakaosema kwamba hadithi si hati ya mahakama. Ni kweli. Hata hivyo Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 13(6)(b), yakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Na watu wengi hujifunza lugha ya polisi na mahakama katika hadithi na magazeti kabla hawajaiona sheria yenyewe. Kijana aliyezoea kusoma "muuaji akakamatwa" atashangaa nini akiona umati unamwadhibu aliyekamatwa?

Tena sanaa yenyewe yadai uangalifu uo huo. Mwandishi anayemwita mtu "muuaji" mapema ameitoa siri yake bure. Sheria na taharuki, kila moja kwa sababu yake, zataka jina la mwisho lingoje.

Katika kungoja huko Kiswahili kina neema ambayo waandishi wetu hawajaitumia yote. Kiambishi a- hakitaji kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. "Aliingia, akazima taa, akachukua kisu": kurasa mia zaweza kupita na msomaji asijue ni bibi au bwana, wala asione kwamba amefichwa. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kujipinda ili apate ficho hilo. Ngeli nazo zina kazi. Kitu kilichokuwa "kikija" gizani, mwandishi akikibadili kikawa mtu aliyekuwa "akija", nywele za msomaji zasimama kwa herufi chache tu. Mfasiri asiyeliona hili, akaandika "yule mwanamke" mahali ambapo a- ingetosha, ameiharibu kazi ambayo lugha ilimfanyia.

Mzimu si mzuka

Twaja sasa kwenye riwaya za kutisha, ambako hasara ya istilahi ni kubwa zaidi. Wafasiri wa hadithi na wa filamu wamezoea kuandika "mzimu" kila mtu aliyekufa anapoonekana ukutani. Mzimu wetu si huo. Ni roho za waliotangulia zinazoheshimiwa na kuombwa, na pia ni mahali penyewe pa kuombea. Ndiyo maana katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti yakutwa mzimuni, na msomaji wa pwani hashangai kusikia kwamba mzimu ni mahali. Kinachotokea ghafla na kutoweka ni mzuka, na kitenzi "zuka" chaonekana wazi ndani yake.

Kila kiumbe cha hofu kina jina lake na kitenzi chake. Mzimu hukaa, tena hukasirika usipotambikiwa. Mzuka hutokea. Pepo hupanda kichwani mwa mtu, na huulizwa anataka nini. Kizuu hutumwa na mchawi kudhuru. Msukule, ambaye wengine humwita ndondocha, hutumikishwa: ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa na mchawi akamlimie usiku. Chunusi huvuta watu majini. Mwanga huruka usiku. Mfasiri anayeandika "zombi" akiwa na msukule mkononi amelitupa neno lenye hofu ya utumwa ndani yake, akaokota sauti tupu.

Mfano ulio bora ni mumiani, mtu anayeaminika kuvizia watu ili kuwatoa damu. Siku za ukoloni, mahali pengi pa Afrika Mashariki, uvumi huo uliwaangukia wazimamoto, na jina la kikosi cha serikali cha kuzima moto likawa jina la wanyonya damu. Watumishi wa serikali na walikumbuke hilo: jina lililotungwa ofisini likikutana na watu wasioiamini ofisi, huweza kugeuka jinamizi. Ajabu ni kwamba hofu yenye historia ya namna hii imeandikiwa riwaya chache. Wengi wanaotaka kutisha huazima majumba ya mawe, baridi na mbwamwitu wa Ulaya.

Walio bora hawakuazima. Abdulla, katika Kisima cha Giningi (1968), alichukua jina ambalo Wazanzibari hulihusisha na makutano ya wachawi, kisha akamwacha Bwana Msa atafute mkono wa binadamu nyuma yake. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), alifanya kinyume: marehemu arudi kweli, amwendee K., mtu mkubwa mwenye madaraka, amwonyeshe aliyoyasahau. Kitabu hiki hakiwekwi katika kapu la "riwaya pendwa", hali kitisho ndicho kinachokisukuma. Hapo twaona jinsi mgawanyo wetu ulivyo dhaifu: ukiupenda uandishi, wakitoa kitabu katika kapu, ukiudharau, wakirudisha.

Taharuki na kitisho

Walimu hutumia neno taharuki kwa hali ya msomaji kungoja lijalo kwa wasiwasi, na neno hili limekubalika vyema katika vitabu vya shule. Lakini wengi hulitumia pia kwa kila kinachoogofya, na hapo mambo mawili yachanganywa. Taharuki huuliza: litatokea nini? Kitisho huuliza: hiki ni nini? Riwaya ya Musiba yaendeshwa na swali la kwanza. Adui ajulikana, kinachongojwa ni mwisho. Hadithi ya msukule yaendeshwa na la pili. Mwisho hata ukijulikana, moyo hautulii. Mwanafunzi akifundishwa maswali haya mawili, ataweza kueleza kwa nini kitabu fulani kilimfanya afunue ukurasa upesi, na kingine kilimfanya aogope kuufunua.

Mapendekezo

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, yajadiliwe na wenye ujuzi zaidi. Kwanza, "riwaya pendwa" ibaki kuwa jina la soko, lisiwe kipimo cha sanaa. Pili, tuseme "riwaya ya upelelezi" kwa ile inayofumbua fumbo, "riwaya ya ujasusi" kwa ile ya siri za dola, "riwaya ya taharuki" kwa ile inayoendeshwa na hatari ijayo, na "riwaya ya kitisho" kwa ile inayoendeshwa na kisichojulikana. Na kitabu kimoja kikistahili majina mawili, kipewe. Tatu, wahariri watenge mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa, hata katika hadithi. Nne, majina ya viumbe vya hofu yakusanywe kutoka kila mkoa na kila kisiwa pamoja na vitenzi vyake, kabla wazee wanaoyajua hawajatutoka.

Pendekezo la nne ndilo la haraka. Majina ya riwaya twaweza kuyarekebisha mwakani au baadaye, vitabu vipo. Lakini neno la hofu ambalo halikuandikwa likipotea, halitarudi, na mfasiri wa kesho hatakuwa na la kuandika ila "zombi".