Mtoto Gani Apandikizwe Kifaa cha Kusikia?

Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikiza watoto vifaa vya kusikia, huduma ambayo awali watoto wetu waliifuata India. Magazeti yaliandika zaidi kuhusu upasuaji. Kwa maoni yangu, kazi ngumu zaidi ni ile inayoutangulia, yaani kumchagua mtoto. Na sehemu kubwa ya uchaguzi huo haifanyiki Upanga, hospitalini hapo. Inafanyika kwenye mitaa ya Dar es Salaam kama Kipawa, Yombo na Vingunguti, nyumbani, bila mtu kujua kwamba unafanyika.

Shimesikio, kile kifaa kinachovaliwa nyuma ya sikio, hukuza sauti, hivyo humfaa mwenye chembe hai za kusikia zilizosalia ndani ya koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti. Kipandikizi hakikuzi chochote. Kinazipita chembe zilizokufa na kuusisimua kwa umeme mshipa wa fahamu wa kusikia, kupitia uzi mwembamba wenye elektrodi uliopenyezwa ndani ya koklea. Uzi huo unaweza kuua usikivu mdogo uliobaki. Kwa hiyo mtoto huvalishwa kwanza shimesikio lililorekebishwa vizuri, kwa kawaida kwa miezi 3 hadi 6, na anayenufaika nalo hapandikizwi.

Kiwango cha uziwi hupimwa kwa desibeli, na mpaka wa anayestahili kupandikizwa husogea. Mwaka 2019 Uingereza iliushusha kutoka desibeli 90 hadi 80, baada ya kuona kwamba watu wengi waliokuwa wakinyimwa kifaa wangenufaika nacho. Mtoto mchanga hawezi kunyoosha mkono akisikia mlio, hivyo hupimwa akiwa usingizini, elektrodi zikiwa zimebandikwa kichwani kuangalia kama ubongo unaitikia sauti. Kisha hufuata picha za CT na MRI. Pasipo mshipa wa kusikia, kipandikizi cha koklea hakina pa kupeleka umeme. Aliyezaliwa bila tundu la sikio huku koklea yake ikiwa nzima hufaa kupewa kifaa kinachopitisha sauti kwenye mfupa wa kichwa, ambacho mtoto mdogo hukivaa kwenye mkanda. Sikio linalotoa usaha litibiwe kwanza.

Kigezo kizito kuliko vyote ni muda. Ubongo wa mtoto ambao haujawahi kupokea sauti huanza kupoteza uwezo wa kujifunza kuielewa. Matokeo mazuri zaidi hupatikana kabla ya miaka 3. Baada ya miaka 6 au 7, kwa aliyezaliwa kiziwi, faida hupungua sana. Lakini mwenye miaka 10 aliyepoteza usikivu mwaka jana, tayari akiwa anazungumza, anafaa sana kupandikizwa. Tusiulize umri tu, tuulize amekaa bila kusikia miaka mingapi.

Hapo ndipo Kipawa inapoingia. Mtoto anaweza kushtuka ndege inapotua hapo jirani, Uwanja wa Julius Nyerere, na nyumba nzima ikapumua: kumbe anasikia! Kumbe anaweza kuwa ameshtushwa na mtikisiko tu, huku sauti ya mama yake haimfikii kabisa. Bibi ataongeza kwamba hata baba yake alichelewa kusema. Mwaka unapita, kisha mwingine. Anapofika kwa daktari wa pua, koo na masikio, kalenda imekwisha kumkatalia.

Jopo la wataalamu linalomchagua mtoto huangalia pia familia: nani atamleta mazoezini kwa miaka, nani atanunua betri na nyaya. Ni haki kuuliza. Si haki umaskini kumwondoa mtoto. Nauli ya daladala na vipuri viingie kwenye bajeti ya matibabu tangu mwanzo, kwa sababu kipandikizi bila mazoezi hakimfundishi mtoto kusema.

Naye mwanafunzi wa miaka 11 wa Shule ya Viziwi Buguruni, aliyezaliwa kiziwi na anayezungumza kwa Lugha ya Alama, ana lugha kamili. Wazazi wake wanastahili kuelezwa waziwazi kwamba kipandikizi kitampa kidogo.

Kuna mmoja asiyepaswa kusubiri hata ile miezi ya majaribio ya shimesikio: aliyeugua homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huo unaweza kuigeuza koklea kuwa mfupa ndani ya wiki chache, elektrodi zikakosa pa kupita. Mtoto huyo apimwe usikivu kabla hajaruhusiwa kutoka wodini.