Inzi 50 kwa posho: juu ya foto za Sammy Baloji

Wasomaji wetu wengi wamjua Sammy Baloji kwa jina tu. Alizaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978, na kazi yake ni foto. Ile aliyoiita Mémoire, ya mwaka wa 2006, ilisifiwa sana: alikata watu katika foto za wakati wa ukoloni, akawasimamisha kati ya viwanda vya Gécamines vilivyobomoka. Ni kazi ya huzuni, na huzuni hupendwa upesi. Sisi twataka kusema juu ya nyingine, isiyovuta macho mara moja, lakini twaona yawafaa zaidi watu wa seminari. Jina lake ni Essay on Urban Planning, ya mwaka wa 2013. Mwaka wa 2015 ilionyeshwa Venezia, katika nyumba ya Ubelgiji kwenye maonyesho yaitwayo Biennale.

Namna yake ni hii. Foto zimepangwa kwa safu, kama ubao wa dama. Moja yaonyesha mji wa Lubumbashi, imepigwa kutoka angani. Inayofuata yaonyesha wadudu, mbu na inzi waliokauka, wamechomwa pini, wa makumbusho ya Lubumbashi. Tena mji, tena wadudu. Kwa kutazamwa toka juu, nyumba zimekuwa vidoadoa. Kwa kutazamwa toka karibu, mdudu amekuwa kitu kikubwa. Macho yapotewa na kipimo. Na mtu? Hapati nafasi katika hii wala katika ile: kwa moja ni mdogo mno, kwa nyingine ni mkubwa mno.

Kwa nini kuweka mbu pamoja na mji? Mwaka wa 1880 Laveran, munganga wa Kifaransa, alitazama kwa mikroskopu damu ya askari huko Algeria, akaona kijidudu cha malaria. Mwaka wa 1897 Ronald Ross alikiona ndani ya mbu huko India. Hiyo ni elimu ya kweli, imeokoa watu wengi, wala hatuna ruhusa ya kuicheka. Lakini katika koloni elimu hiyo ilitoka chini ya kioo ikaingia katika plani ya mji. Kule Elisabethville, kati ya mji wa Wazungu na mji wa watu weusi, paliachwa eneo tupu la mita 500, maana ilisemwa kwamba mbu hawezi kuruka kupita hapo. Mbu hakuisoma plani. Anofele huweza kuruka kilometa moja na zaidi. Tena boyi aliyepika na kufua, mara nyingi alilala nyuma ya nyumba ya bwana wake, ndani ya mji ule ule uliolindwa. Kama waliogopa damu yake, mbona mikono yake ilikanda mkate wao? Mpaka ule ulikuwa na sababu nyingine, na mbu aliitwa awe shahidi tu.

Pamoja na safu hizo Baloji ameweka foto moja ya zamani, ya miaka ya 1920. Watu wawili wamesimama na rundo la inzi waliokufa. Siku zile za kusafisha mji, kila mfanyakazi alipaswa kuleta inzi 50 kwa siku ili apate posho yake. Hapo twaomba msomaji atulie kidogo. Inzi 50 si neno la mchezo. Hawapatikani penye usafi. Hupatikana penye uchafu. Basi mwenye watoto wanaolia njaa alikuwa na faida gani uchafu ukiisha? Leta ilitaka kuua inzi, nayo ikamfundisha mtu kuwaombea wazae.

Bila foto hii, twasema wazi, kazi yote ingekuwa mkeka mzuri wa ukutani. Safu zimenyooka mno, wadudu wamependeza mno; Mzungu aliyepita Venezia aliweza kusifu mpango akaenda zake. Wale wawili ndio wanaomzuia mlangoni.

Lakini twakuta pengo. Katika makumbusho mdudu ana jina lake la Kilatini, na waseminari watalisoma bila shida: Musca domestica. Wale watu wawili hawana jina lolote. Kosa la kwanza ni la mpiga foto wa zamani, ambaye alihesabu inzi asiandike watu. Hata hivyo msanii wa leo, kama hakuweza kuyapata majina, angetuonyesha mahali yanapokosekana. Aliyafunua mambo ya mji kwa ustadi mkubwa. Nyuso hizi mbili ameziacha zilivyokuwa.

Haikumlazimu Baloji kusema juu ya Kanisa. Sisi yatupasa. Hapa Kailo, penye kasiterite na wolfram, tunajua vizuri maana ya kambi ya wachimbaji upande mmoja na nyumba za wakubwa upande mwingine, na neno posho halihitaji kufasiriwa kwa wazee wetu. Misioni nyingi nazo zilipimwa kwa kamba ya namna hiyo, zikielezwa kwa afya na kwa utaratibu. Anayetaka kuzisoma foto hizi vizuri achukue plani ya misioni yake mwenyewe, ahesabu hatua toka barza ya mapadri mpaka mlango wa katekista.