Mzee Ojwang: Lafudhi haikuwa kichekesho chenyewe

Mwalimu mmoja wa shule ya upili mjini Wote, kaunti ya Makueni, ameniuliza swali zito kuliko alivyodhani. Wanafunzi wake hawataki kusoma Kiswahili kwa sauti. Mmoja akitamka "ngali" badala ya "gari", wenzake hupasuka kwa kicheko na kumbandika jina la bawabu fulani wa kwenye televisheni. Je, si vipindi kama Vitimbi vilivyotuletea balaa hii?

Sikubaliani naye, na shahidi wangu ni Benson Wanjau.

Wanjau, aliyefariki Julai 12, 2015 akiwa na umri wa miaka 78, alijulikana kama Mzee Ojwang Hatari. Alivuma katika Vitimbi tangu enzi za Sauti ya Kenya, shirika lililogeuka KBC mwaka 1989. Alikuwa Mkikuyu. Watazamaji wengi walimchukua kuwa Mluo wa kuzaliwa, na wapo walioduwaa walipolisikia jina lake halisi. Mary Khavere, yule Mama Kayai aliyekuwa mkewe kwenye kioo, naye si Mluo.

Taazia nyingi zilisifu lafudhi yake na kuishia hapo. Haya basi, tuichunguze kiisimu. Kijaluo hakina sauti /sh/ wala /z/, kwa hivyo "shida" huwa "sida" na "zamani" huwa "samani". Hilo mchekeshaji yeyote wa mtaani analiweza kwa siku moja. Kazi ngumu ilikuwa kuacha, si kuongeza. Kikuyu, kama ndugu yake Kikamba, hutanguliza king'ong'o mahali ambapo Kiswahili kina /b/, /d/ au /g/. Ndiyo sababu duka kwetu Ukambani ni "nduka" na gari ni "ngali". Mkikuyu tena huponyokwa na /r/ palipostahili /l/, nasi Wakamba tusio na /r/ kabisa hufanya kinyume chake. Mluo hana tatizo lolote kati ya haya: anazo /b/, /d/ na /g/ zisizo na king'ong'o, anayo /r/ na anayo /l/. Kwa hivyo, kabla ya kuwa Ojwang, Wanjau alihitaji kuzifukuza kinywani sauti za mama yake mzazi, azishinde hata pale mhusika anapofoka kwa hasira. Hapo ndipo wengi hunaswa. Hasira hurudisha lugha ya kwanza mbio!

Lakini hata hilo si kiini. Mfunge Ojwang macho na masikio ya kikabila, umwache aseme Kiswahili cha Lamu, bado utacheka. Utamcheka mzee anayejiona mwerevu kuliko kila aliye chumbani, kisha anyamaze kidogo tu anapogundua kwamba maneno yake yamemfunga mwenyewe. Kile kimya kilikuwa kazi ya mwigizaji wa daraja la juu. Visa vya Vitimbi, tuseme ukweli, mara nyingi vilikuwa vyepesi, na baadhi ya wahusika wengine hawakuwa na chochote zaidi ya matamshi. Wanjau ndiye aliyevibeba mabegani. Nchi iliyomcheka hivyo ililazimika kuchanga pesa mwaka 2014 ili atibiwe macho. Hayo nayo yana makala yake.

Sasa linganisha na "Mkamba" tunayeuziwa leo jukwaani na kwenye skrini. Aghalabu ni mlinzi wa lango au askari. Anaingia, anasema "mbesa" badala ya "pesa", ukumbi unaangua kicheko, anatoka. Anataka nini maishani? Anamwogopa nani? Hatuambiwi. Tena lafudhi yenyewe si ya mtu yeyote. Mtu wa Mwingi, Kitui, na mtu wa Kilungu, Makueni, hawaongei Kikamba sawa. Sisi wenyewe huchekana. Mwigizaji aliyesikiliza kwa makini angetuonyesha tofauti hiyo. Wengi wao wamesikiliza waigizaji wenzao tu.

Na cha kusikitisha zaidi, jamani, ni kwamba hata tamthilia za shule kutoka Kitui na Makueni zinamwiga bawabu huyohuyo. Mtoto wa Kikamba anamchekesha hakimu kwa kujidhihaki, anapata alama, kisha Jumatatu anaogopa kuinua mkono darasani.

Kwa hivyo, mwalimu, usiwanyime wanafunzi wako Vitimbi. Vipande vya zamani bado vinapatikana mtandaoni. Wachezeshee mara ya kwanza sauti tu, waandike kila neno ambalo Ojwang analitamka tofauti na Kiswahili sanifu. Orodha itakuwa fupi kuliko wanavyotarajia. Kisha wachezeshee tena, sasa na picha, waandike ni wapi hasa walipocheka.