Wahusika wa Katuni na Istilahi za Udugu: Familia ya Simpson Mbele ya Mfasiri

Mara nyingi linapotajwa neno istilahi, mawazo ya msomaji huelekea kwenye vipuri vya mashine, majina ya magonjwa, hesabu za benki na vifungu vya sheria. Ni nadra mtu kukumbuka kwamba neno 'shangazi' nalo ni istilahi. Kwamba lina mipaka yake, lina wenzake katika mfumo mmoja, na kwamba likiwekwa mahali pasipo pake huharibu maana, kama vile jina la dawa moja likibandikwa kwenye chupa ya dawa nyingine. Katika makala hii tunakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano ambao huenda ukawashangaza baadhi ya wasomaji, nao ni wahusika wakuu wa The Simpsons, mchezo wa katuni wa Kimarekani wenye kuchekesha na kuhusu maisha ya familia moja. Tumeuchagua kwa kuwa vichekesho vyake vimejengwa juu ya nani ni nani kwa nani. Mfasiri atakayeshindwa kulijua hilo hatafasiri kitu.

Mchezo huu ulibuniwa na Matt Groening. Ulianza mwaka 1987 kama vipande vifupi ndani ya kipindi cha mtu mwingine, na tangu Desemba 1989 ukawa kipindi kamili cha nusu saa. Mtangulizi wake katika aina hii ni The Flintstones, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia mwaka 1960 hadi 1966. Wahusika wakuu ni watano. Homer, baba, ni mfanyakazi wa kituo cha umeme wa nyuklia, mvivu na mlafi, lakini mwenye kuipenda familia yake. Marge, mama, ndiye nguzo ya nyumba. Bart, mwenye miaka 10, ni kifungua mimba na mtundu asiyeonyeka. Lisa, mwenye miaka 8, ni msomi na mwenye dhamiri. Maggie ni kitinda mimba, mtoto mchanga asiyesema. Groening aliyachukua majina ya baba, mama na dada zake mwenyewe akawapa wahusika hawa; jina la Bart tu ndilo alilolitunga.

Swali la kwanza la mfasiri ni majina. Je, yabaki au yabadilishwe? Tunao mfano kutoka Ghuba. Katika Ramadhani ya mwaka 2005 kituo cha televisheni cha MBC kilionyesha mchezo huu kwa Kiarabu. Homer akaitwa Omar, Bart akaitwa Badr, na bia anayoipenda mno Homer ikageuzwa kinywaji kisicholevya. Toleo hilo halikudumu. Waliokwisha kuuona mchezo wa asili walilalamika kwamba mtu waliyemjua ametoweka. Kwa maoni yetu kosa halikuwa katika kuheshimu maadili ya watazamaji, bali katika kudhani kwamba mhusika huhamishwa kwa kubadilishiwa jina na kinywaji, huku mji, nyumba na kazi yake vikibaki vya Kimarekani. Jina la mtu si istilahi. Halina mwenzake katika lugha nyingine. Homer na abaki Homer. Kinachopasa kufasiriwa ni namna watu wanavyomwita na wanavyojihusisha naye.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Jirani Mtanzania hamwiti mwanamke mwenye watoto kwa jina lake tupu. Atamwita Mama Bart, na mumewe atakuwa Baba Bart. Mfasiri atakayeandika 'Marge' katika kinywa cha kila jirani atakuwa ameandika Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili. Hata hivyo, tunatahadharisha. Mara nyingi hadithi za Marge ni za mwanamke anayetafuta kuwa kitu zaidi ya mama wa watoto wake. Akiitwa Mama Bart na kila mtu, kila mara, utafutaji huo hautaonekana. Kwa hiyo tunapendekeza mgawanyo: majirani waseme Mama Bart, mumewe na ndugu zake wamwite Marge. Kwa njia hiyo jina lake linakuwa na uzito, maana linatamkwa na wale tu wanaomjua yeye mwenyewe.

Kinyume chake ni Bart, ambaye humwita baba yake kwa jina. Kwa Kiingereza huo ni utovu wa adabu unaochekesha. Kwa Kiswahili ni zaidi ya hapo, ni jambo la kumfanya mtu mzima ashtuke. Kuna kishawishi cha kuweka 'Baba' ili kuokoa adabu. Tunakipinga. Dada yake Lisa husema 'Baba', na tofauti ya ndugu hawa wawili imo katika neno hilo moja. Mfasiri akiwatia wote adabu sawa, atakuwa amemfuta Bart na kumpunguza Lisa. Wala haifai kumtilia Bart 'shikamoo' ambayo hakuisema. Kanuni yetu ni kwamba mfasiri asiongeze adabu wala kuipunguza. Achague pale tu ambapo lugha yenyewe inamlazimisha kuchagua.

Na lugha yetu inamlazimisha kuchagua mahali pengi kuliko Kiingereza. Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wote wa kike wa wazazi, na moja kwa ndugu wote wa kiume. Kiswahili kinatenga upande wa baba na upande wa mama. Ndugu wa kiume wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, ambaye pwani huitwa amu au ami; ndugu wa kike wa baba ni shangazi. Ndugu wa kiume wa mama ni mjomba. Ndugu wa kike wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Kamusi nyingi za shuleni hutoa 'shangazi' kuwa jibu la kwanza la neno lile la Kiingereza, na 'mjomba' kuwa jibu la lile jingine, na mfasiri mwenye haraka huishia hapo.

Sasa tuwatazame Patty na Selma, mapacha wavutaji wa sigara ambao ni watumishi wa ofisi ya leseni za magari. Hao ni dada wakubwa wa Marge. Kwa Bart si mashangazi hata kidogo. Ni mama wakubwa. Kosa hapa si dogo. Mtazamaji akisikia 'shangazi' ataelewa kwamba ni dada za Homer, na chuki yao kwa Homer, ambayo ni chemchemi ya vichekesho vingi, itageuka ugomvi wa tumbo moja. Kwa kweli wao ni mashemeji zake. Katika jamii zetu nyingi shemeji ni mtu wa kutaniwa, na utani huo una mpaka wake. Patty na Selma wanauvuka kila siku. Neno 'shemeji' likitamkwa na Homer kwa meno yaliyokazwa, linachekesha kuliko neno lolote la asili.

Selma ana jambo jingine. Kwa miaka mingi anatamani mtoto, na hatimaye anamlea Ling, mtoto aliyemchukua kutoka China. Kwa Kiingereza, kabla ya Ling, Selma si mama wa yeyote. Kwa Kiswahili alikwisha kuwa mama mkubwa tangu Bart alipozaliwa, na akimwita Bart atasema 'mwanangu', si neno lenye kumweka mbali. Je, huzuni yake imepotea? Haikupotea, imebadilika. Sasa ni huzuni ya mwanamke aitwaye mama na watoto wanaorudi kulala kwa mama yao mzazi. Huenda ni kali zaidi. Naye Ling kwa Bart na Lisa si binamu. Neno binamu limetokana na Kiarabu, na asili yake ni mwana wa amu. Mtoto wa mama mkubwa ni ndugu. Kwa watoto hawa Ling ni mdogo wao.

Kadhalika yupo Herb, kaka wa Homer kwa baba mmoja na mama mbalimbali, tajiri wa magari ambaye Homer alimfilisi kwa kumbunia gari lisilouzika. Watoto walipomfahamu katika kipindi cha mwaka 1991 walifurahi mno kumwita kwa neno la udugu. Neno hilo kwa Kiswahili ni 'baba mkubwa', wala si 'mjomba'. Anayeandika 'mjomba' anamhamishia Herb kwa ukoo wa Marge, na kisa kizima cha kaka aliyepotea hakiwi na maana.

Mwisho kuna Abe, baba wa Homer: babu kwa watoto na mkwe kwa Marge. Familia imempeleka kuishi mahali wanapotunzwa wazee. Hapa tahadhari ni ya namna nyingine. Tunalo jina rasmi, 'makazi ya wazee', lakini nchini mwetu makazi hayo kwa kawaida ni ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Mtazamaji akilisikia atadhani Abe hana mtoto, ilhali mwanawe yupo mji huo huo na hamtembelei. Ni afadhali kusema 'nyumba ya kulipia ya wazee', kisha neno 'babu' lifanye kazi yake lenyewe.

Watakuwapo watakaosema kwamba tunashikilia ya kale. Kwamba watoto wa mjini leo husema 'anko' na 'anti', basi mfasiri aandike hivyo. Hatukatai kwamba maneno hayo yapo. Lakini tuyachunguze matumizi yake: 'anti' huitwa mwalimu wa chekechea, mfanyakazi wa nyumbani, mwuza duka, 'anko' huitwa rafiki wa baba na kondakta wa daladala. Ni maneno ya heshima kwa mtu asiye ndugu. Hayo yatawafaa majirani wa akina Simpson. Kuyafanya istilahi za udugu ni kukubali upofu ambao lugha yetu haikuwa nao.

Nasi tunaoandika haya kutoka Mtumba, Dodoma, penye Mji wa Serikali uliofunguliwa mwaka 2019, hatuwezi kuliona jambo hili kuwa la katuni tu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kufasiri ni kubwa. Fomu, wosia na shauri la mirathi hujaa maneno ya udugu. Katika mirathi ya Kiislamu, amu wa marehemu yumo katika warithi wanaochukua baki, ilhali mjomba hupata tu pale wanapokosekana walio karibu zaidi. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 linahusu urithi katika jamii zifuatazo ukoo wa baba, na Waluguru hufuata ukoo wa mama. Hapa hapa uwanda wa kati, Peter Rigby alipoandika juu ya Wagogo kitabu kilichotoka mwaka 1969, aliweka ng'ombe na udugu pamoja katika jina la kitabu, kwa kuwa mali hufuata njia za ukoo. Karani akiandika 'mjomba' mahali pa 'baba mdogo', anaweza kuhamisha shamba.

Tena kuna hatari ya daraja. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilionyesha kwa Kiswahili mchezo wa Kichina juu ya Mao Doudou, mke kijana mwenye mama wakwe wawili, na ulipendwa hata Rais Xi Jinping akautaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Kichina nacho hutenga ndugu wa baba na wa mama, kama Kiswahili. Lugha mbili zenye utajiri sawa zikikutana kupitia Kiingereza, utajiri wa zote mbili huachwa njiani.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, kazi ya istilahi imefikiriwa kuwa ni kuziba mapengo. Katika udugu hakuna pengo la kuziba. Kuna akiba ya kulinda. Kwa hiyo tunapendekeza haya. Mfasiri wa mchezo wa familia achore kwanza mchoro wa ukoo wa wahusika wote, aonyeshe nani mkubwa na nani mdogo, ndipo aandike neno la kwanza. Watunga kamusi za lugha mbili waache kutoa jibu moja palipo na majibu manne. Waandaaji wa fomu waulize upande wa baba au wa mama. Nao walimu wawape wanafunzi mchoro wa familia ya Simpson, wawaulize Selma ni nani kwa Bart. Mwanafunzi atakayejibu 'shangazi' asiadhibiwe. Apelekwe nyumbani akamwulize bibi yake.